Duka la beringi jirani na stesheni ya Tabora: bei inauma, kazi inaaminika

Nianze na bei, maana ndiyo itakayowakimbiza wengi. Beringi (ringi ya ndani na ya nje, katikati gololi, ndiyo inayobeba shafti) namba 6308, ambayo mitaani utauziwa elfu kumi na tano, hapa ni elfu hamsini na tano na mzee hapunguzi hata mia. Ukimwambia fulani anauza kumi na tano hakasiriki. Atakwambia, "Nenda kanunue kwake. Ikifa niletee hapa, nitakuonyesha kilichoiua." Na hatanii. Duka hili ukinunua beringi, ile ya zamani inapasuliwa mbele yako bila malipo, na kwangu mimi hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Beringi ni ziada.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Kiinua mgongo changu kiliishia kwenye mashine mbili, ya kusaga na ya kukoboa, ziko Kiloleni, na tangu hapo nimejifunza kwamba hesabu za ubaoni na hesabu za mashine hazitofautiani, ila za mashine ukikosea unalipa fedha taslimu. Kinachonila zaidi si umeme wala mshahara wa vijana. Ni shafti ya mashine ya nyundo: inazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, imebebwa na beringi mbili tu, na zikianza kuunguruma mteja anaondoka na gunia lake kabla hata hujazima.

Kabla ya hapa nilikuwa nanunua kwenye duka jingine ambalo sitalitaja. Kule ukiwa mwanamke ukaulizia beringi, unaulizwa "fundi hajaja?" au "mzee yuko wapi?", halafu unapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Boksi lina rangi zote za kampuni kubwa ya Ulaya, hologramu inang'aa, ndani karatasi ina mafuta vizuri tu. Ila maandishi ya kwenye ringi nilipoyafuta na kitambaa chenye spiriti yaliondoka yote. Namba ikahamia kwenye kitambaa.

Basi nikaelekezwa kwa huyu mzee. Duka liko barabara ya stesheni, mbele kuna mwembe mkubwa kama ilivyo nusu ya mji huu, bango limepauka huwezi kulisoma. Ndani ni pembamba. Kaunta ya mbao, mashelfu hadi juu darini, na nyuma kuna karakana ndogo yenye jiriwa, grinda, mashine ya kukereza ya zamani na jiko la umeme. Mzee alipata ufundi wake kwenye karakana ya reli, na kwa Tabora hilo si ajabu. Reli ya kati imepita hapa tangu 1912, na familia ngapi za mjini zilikula mkate wa reli. Kijana wake anakusalimia vizuri, "Shikamoo mwalimu". Mzee mwenyewe hana muda wa salamu ndefu. "Maiti iko wapi?" Ndivyo anavyouliza.

Nikampa ile beringi iliyokufa. Aliizungusha kwa vidole sikioni, akaitingisha, akaiweka kwenye jiriwa. Alikata ringi ya nje kwa grinda, anamwagia maji kila sekunde chache. Nikamuuliza maji ya nini, akasema moto wa grinda unabadilisha chuma, na akibadilisha chuma yeye hatajua kipi kimefanywa na mashine yangu na kipi kimefanywa na yeye. Hapo ndipo nilipovuta stuli nikakaa. Mtu anayelinda ushahidi namna hiyo, nilitafuta kwa miaka mingi wanafunzi wa aina yake.

Kwanza aliniwekea ringi chini ya kioo cha kukuzia. Njia ya gololi, ambayo inatakiwa ing'ae kama kioo, ilikuwa na vishimo vidogo visivyohesabika, vimetapakaa bila mpangilio, na kila kishimo kina ukingo ulioinuka. Mchanga huo. Mpunga wetu mwingi unapurwa chini, unakuja na mchanga, na mchanga wa kwarzi ni mgumu kuliko chuma cha beringi. Chembe inaingia pembeni ya sili iliyolegea, gololi inaipanda, chembe inazama kwenye njia kabla haijasagika. Kila ukingo ulioinuka baada ya hapo unapigwa na gololi inayofuata. Grisi ilikuwa imegeuka kijivu, na alipoisugua kati ya vidole viwili akanipa na mimi niisugue. Inakwaruza. Hakuna darasa la kuelezea hilo zaidi ya vidole vyako mwenyewe.

Halafu akafungua droo akatoa kitu kingine. Kipande cha ringi ya ndani ya beringi ya pinioni, ile gia ndogo, kutoka kwenye difu ya lori lililokuwa likibeba tumbaku barabara ya Urambo. Ameshakikata, amekisugua na msasa kuanzia wa 240 hadi wa 1200, kisha akakipaka asidi ya nitriki iliyotiwa kidogo sana kwenye spiriti, asidi ileile ya masonara. (Msijaribu nyumbani. Mchanganyiko huo ukiwa mkali au ukifungiwa kwenye chupa unaweza kulipuka. Yeye anatengeneza matone ya siku hiyo na mengine anamwaga kwenye maji mengi.) Chini ya kioo, chuma chote kilikuwa na rangi moja ya kijivu, isipokuwa chini kidogo ya njia ya kuviringikia. Pale palikuwa na utepe mweusi umejipinda kama mwezi mwandamo, haugusi uso, umeanzia sehemu ya kumi ya milimita kwenda chini. Juu yake chuma safi, chini yake chuma safi.

"Hii haikuuawa na mchanga," akasema. "Hii imechoka."

Nitaeleza kwa nini nimetoka pale nikiwa nimefurahi kama mtoto, na anayetaka bei na saa za kufungua aruke aya kadhaa.

Chuma cha beringi nyingi duniani ni karibu kilekile kwa majina tofauti: Wamarekani wanakiita 52100, Wajerumani 100Cr6, Wajapani SUJ2, Wachina GCr15. Kina kaboni kama asilimia 1 na kromi kama asilimia 1.5. Kinapashwa moto hadi nyuzi 840 hivi, kinazamishwa kwenye mafuta kipoe ghafla, kisha kinapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 160 hadi 180 kipunguze ukaidi. Kinachobaki ndani ni fuwele ndogo sana za martensaiti, yaani chuma kilichobana kaboni kisiiachie, pamoja na austenaiti kidogo, yaani umbo la chuma kikiwa cha moto, ambayo haikuwahi kugeuka, na chembe ngumu za kabidi, yaani kaboni iliyoungana na metali. Fuwele hizo zinapotoka kiwandani zimeelekea kila upande. Hakuna upande unaopendelewa, na ndiyo maana ringi mpya ina nguvu sawa ukiibana kutoka popote.

Sasa gololi inapita. Haigusi ringi kwa nukta wala haigusi yote; inagusa kwa kieneo kidogo chenye umbo la yai. Aliyekokotoa kieneo hicho ni Heinrich Hertz, Mjerumani, mwaka 1881, hajatimiza hata miaka 25. Ndiye huyuhuyu ambaye jina lake linatajwa kila redio inapotangaza masafa ya megahezi. Kwa sababu kieneo ni kidogo, mzigo wa kawaida tu unaleta kanieneo ya megapaskali 1,500, kama mara 15,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Na kitu ambacho wanafunzi wangu hawakukubali hadi niwachoree: mahali ambapo chuma kinasukumwa zaidi kuteleza juu ya chenyewe si usoni. Ni chini kidogo ya uso, palepale ulipo ule utepe mweusi wa mzee.

Chukua 6308 yenye gololi nane. Kwenye mashine yangu, sehemu ya ringi ya nje iliyobeba mzigo inapitiwa na gololi karibu tatu kila shafti inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 3,000 ni mapito 9,000 kwa dakika, zaidi ya nusu milioni kwa saa. Kila pito linasogeza kitu kidogo mno ndani ya fuwele, na sehemu ndogo ya msogeo huo hairudi.

Mwanzoni hili ni jema. Chuma kinajikaza, kinabaki na mbano wa ndani unaokisaidia kustahimili, kisha kinatulia kwa muda mrefu sana. Wazalishaji wanaishi kwa kipindi hicho cha utulivu. Baadaye, kama mzigo ni mkubwa na mapito yamefika makumi ya mamilioni, martensaiti inaanza kulegea, kaboni inahama kutoka ilipobanwa, na ile austenaiti iliyobaki inazidi kupungua. Asidi inapakula kwa haraka zaidi, pakaonekana peusi. Ukiwa na hadubini nzuri utaona hatua inayofuata: mistari myeupe ndani ya weusi, kwanza imeinama nyuzi 30 hivi kutoka kwenye uso, halafu mingine iliyosimama zaidi, nyuzi 80 hivi, yote ikielekea upande ambao gololi zinakwenda.

Na humo ndani fuwele zinakuwa zimejipanga. Hili asidi haikuonyeshi wala hadubini ya kawaida. Linahitaji eksirei, ambayo inaruka kutoka kwenye matabaka ya atomu na kusema yameelekea wapi. Watafiti kama Voskamp, kwenye maabara ya SKF, kampuni ya beringi ya Sweden, huko Uholanzi, walilipima miaka ya 1980 kwa kupiga eksirei tabaka baada ya tabaka. Fuwele ya chuma ina umbo la mchemraba. Baada ya mapito mengi, fuwele nyingi kuliko bahati inavyoruhusu zinakutwa zimelaza uso wa mchemraba sambamba na njia ya gololi, na ulalo wa uso huo ukifuata mwelekeo wa kuviringika. Anayepeta mchele ameona punje zinavyojilaza upande mmoja ungo unapotikiswa kwa namna moja tu. Ila punje zinageuka zenyewe zikiwa huru, wakati fuwele imebanwa na jirani zake pande zote na inageuka kwa sababu inakatwa na kuteleza ndani yake, kidogo kidogo, na vipande vyake vinazidi kuwa vidogo.

Ubaya wake uko hapa: chuma kikipasuka bila kunyumbuka, kinapenda kupasuka kwa kufuata uso wa mchemraba. Fuwele zikiwa zimeelekea kila upande, ufa unakutana na ukuta kila baada ya hatua mbili. Zikishajilaza zote sambamba na njia, ufa umejengewa barabara chini ya ngozi. Unatembea kwa ulalo, mwishowe unapanda juu, na kipande kinabanduka kama gamba. Huo ndio mlio wa "kra kra" ambao fundi wa difu anaujua hata akiwa usingizini.

Mzee hakuwa na maneno haya ya fuwele. Yeye anasema chuma "kinapata nyuzi kama mbao". Nilimsahihisha kidogo, akanisikiliza, akasema, "Sawa mwalimu, lakini mbao ukiijua nyuzi zake unajua itapasukia wapi." Sikuwa na la kuongeza.

Turudi dukani. Utaona sasa kwa nini utepe mweusi ni cheti cha kifo cha uzee. Beringi inayo tu kama imeishi. Mzee ana droo nzima ya maiti za mashine za kusaga na kukoboa za Tabora, Nzega na Sikonge, na alinionyesha nyingi: vishimo vya mchanga, kutu ya msimu wa mvua, rangi ya bluu ya kuungua kwa kukosa grisi. Zenye utepe mweusi ni chache, na karibu zote ni za magari makubwa, zilizofungiwa ndani ya mafuta safi. Zetu za mashine zinakufa kabla fuwele hazijapata nafasi ya kujipanga. Kwa hiyo unapolipa elfu hamsini na tano kwa chuma safi, unalipia uwezo ambao mashine nyingi hazitaugusa. Na hili nilimwambia usoni, nikidhani atajitetea.

Hakujitetea. Alisema, "Kama hausingi yako, nyumba ya beringi, iko wazi hivi, usininunulie hii. Nunua ya kumi na tano, tena nunua mbili. Ukishaziba vumbi ndiyo uje." Muuzaji anayekufukuza na hela yako mkononi! Nikatengeneza kifuniko cha bati na sili mpya kwanza, kazi ya welda wa jirani, ndipo nikarudi kununua.

Hesabu nayo iko hivi, na si ya siri, ilitolewa na Wasweden Lundberg na Palmgren mwaka 1947. Gawanya uwezo wa beringi kwa mzigo wake, chukua jibu mara jibu mara jibu, unapata mamilioni ya mizunguko ambayo beringi tisa kati ya kumi zitafika. 6308 nzuri ina uwezo wa kilonyutoni 41 hivi (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo mia). Mkanda na nyundo zikileta kilonyutoni 3, unapata saa kama 14,000 kwa mizunguko 3,000 ya dakika. Kwa saa nane kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, ni karibu miaka sita. Sasa kijana wako akaze mkanda hadi mzigo uwe kilonyutoni 6: muda haugawanywi kwa mbili, unagawanywa kwa nane. Miezi tisa. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole na haubonyei hata kidogo, ujue unauza beringi zako.

Hesabu hiyo inaamini chuma ni safi. Chuma cha feki kina chembe za oksaidi ndani, na kila chembe ni mahali ambapo fuwele zinaanza kuharibika mapema. Hadubini inaonyesha mabawa mawili meupe yaliyochanua kutoka kwenye chembe, na wataalamu wanayaita kipepeo. Viwanda vizuri vinanyonya gesi kwenye chuma kikiwa kimeyeyuka ili oksijeni ishuke chini ya sehemu 10 kwa milioni. Kwa hiyo tofauti kati ya elfu kumi na tano na elfu hamsini na tano huioni kwa macho. Zote zinang'aa.

Ufungaji ndiyo huduma ninayoipa alama za juu kabisa, na kwa hiyo analipisha elfu kumi kwa shafti. Kwanza anapima shafti kwa maikromita kabla hajagusa boksi. Shafti ya milimita 40 inatakiwa izidi kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, na iliyolika anakataa kuifunga hata ukimbembeleza. Beringi inabaki kwenye karatasi yake hadi dakika ya mwisho. Anaipasha kwenye sufuria ya mafuta juu ya jiko la umeme, kipimajoto kimening'inia, na ikifika nyuzi 100 anaitoa. Nilimuuliza kwa nini asiende 150 iteleze kwa raha zaidi. Akasema itavimba isirudi. Ni kweli: ile austenaiti ikigeuka inachukua nafasi zaidi, na ringi inapoteza kipimo chake kabla haijafanya kazi hata siku moja. Beringi ikapanda kwenye shafti kwa mkono mmoja wenye glovu, bila nyundo.

Linganisha na mtaani, ambako fundi anapiga ringi ya nje kwa nyundo hadi beringi "ikae". Kila pigo linapitia kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia. Umenunua mpya, umeiua palepale, na utalaumu Wachina.

Jambo jingine alilonionyesha, na wenye mashine wote wa Tabora mlisikie. Welda anapochomelea fremu ya mashine akibana ile waya ya ardhi upande wa pili wa shafti, umeme unapita ndani ya beringi. Kila cheche kati ya gololi na njia inayeyusha kidoa. Alikuwa na ringi yenye vidoa hivyo vimejipanga kama mistari ya bati. Waya ya ardhi ibanwe karibu kabisa na mahali pa kuchomea, upande uleule. Haigharimu chochote.

Grisi alijaza theluthi moja ya nafasi, nami nilitaka ajaze yote kama tulivyozoea. Akakataa, kwa sababu ikijaa inachemka. Nimempa haki yake; beringi zangu sasa ukizigusa baada ya kazi zina uvuguvugu tu.

Kama fremu yako imejengwa kwa jicho na haijanyooka, kama zetu nyingi, muulize kuhusu 1308. Inakaa palepale pa 6308, ndani milimita 40, nje 90, upana 23, lakini ina mistari miwili ya gololi na ringi ya nje inayoruhusu shafti iiname kidogo. Aina hiyo aliibuni Sven Wingquist mwaka 1907, fundi wa kiwanda cha nguo huko Gothenburg, ambako udongo wa mfinyanzi ulikuwa unasogea na kupindisha shafti za kiwanda kila wakati. Kwa hilo akaanzisha SKF. Inabeba mzigo mdogo kuliko 6308, hivyo si dawa ya kila kitu, lakini kwenye fremu iliyopinda itaishi zaidi.

Malalamiko ninayo. Duka halina pa kukaa zaidi ya stuli moja, na nimeshaeleza nani anaikalia. Mzee anahubiri, ukija na haraka utaumia, maana hakuuzii mpaka ajue inakwenda kwenye mashine gani, kasi gani, mkanda wa upande gani. Stoku ya beringi zenye hausingi yake, zile za kufungwa kwa boliti mbili, ni hafifu, nilisubiri zije kutoka Mwanza. Hachomelei wala hajazi shafti iliyolika, anakuelekeza kwa mwingine, na huyo mwingine foleni yake ni ya kukata tamaa. Risiti anatoa lakini lazima uiombe. Kijana wake ana mkono mzuri ila bado hajaruhusiwa kufunga beringi peke yake, kwa hiyo mzee akiwa msibani hakuna kazi siku hiyo.

Na bei, narudia, inauma. Kwa mwenye mashine ndogo ya msimu, inayosaga saa mbili tatu kwa siku, sioni sababu ya kulipa hiyo. Nunua ya bei ya kati, iliyo na sili za mpira pande zote mbili, ifungwe vizuri na yeye kwa elfu kumi. Mwenye kusaga kutwa, mwenye kandarasi ya shule au ya hoteli, huyo ndiye duka hili lilifunguliwa kwa ajili yake.

Ukienda, chukua beringi iliyokufa bila kuiosha, grisi yake iachwe humohumo, na kama unaweza andika kwa rangi upande uliokuwa juu kwenye mashine. Anaupima mzigo kwa kuangalia njia imelika wapi. Chukua na shafti yenyewe. Siku za kazi anafungua saa tatu, Jumamosi anafunga saa saba, Jumapili hayupo. Wa Urambo, Kaliua na Sikonge anawatumia kwa basi, pesa kwa simu kwanza, na gharama ya mzigo ni ya kwako.